Kwa nini fainali ya besiboli ya Marekani imekosekana mara mbili tu

*Swali: Nafanya kazi ghalani hapa Columbus, Ohio, na ikifika Oktoba wenzangu hawana hadithi nyingine ila World Series, fainali ya besiboli. Mzee mmoja kazini ameniambia kuwa tangu 1903 fainali hiyo imekosekana mara mbili tu, 1904 na 1994. Vita vikuu vya dunia vimepita imechezwa, tetemeko la ardhi limeipiga San Francisco imechezwa, hata mwaka wa korona imechezwa. Sasa hiyo miaka miwili kulikuwa na nini? Na ni kweli kuna timu iliwahi kuuza fainali?*

Mzee wako hajakosea, kaka. Ni 1904 na 1994, basi. Na ndiyo, kuna timu iliyouza fainali, tena karibu iue mchezo wenyewe. Ila itabidi nianzie mbali kidogo, maana miaka hiyo miwili haieleweki mpaka ujue fainali hii ni mali ya nani.

Sisi tumezoea mashindano yenye shirikisho juu yake. Kuna katiba, kuna kamati ya mashindano, timu isipotokea uwanjani inapokwa pointi na kutozwa faini. World Series ilianza kama makubaliano ya matajiri wawili wa timu waliotaka kuuza tiketi zaidi baada ya msimu kwisha, na hadi leo imebaki mikononi mwa wenye timu. Vita na majanga vinaweza kuwachelewesha. Kinachoweza kuifuta kabisa ni ugomvi wao wenyewe, ama baina yao, ama na wachezaji wao.

Hata kabla ya 1903 walishajaribu. Ligi kongwe, National League, iliundwa 1876, na katika miaka ya 1880 ilikuwa na mpinzani aliyeitwa American Association. Mabingwa wa pande hizo mbili walikutana kila msimu ukiisha, kwa masharti yaliyobuniwa upya kila mara. Mwaka 1884 Providence Grays waliwapiga New York Metropolitans mechi tatu bila jibu, na mrushaji wao (yule anayemtupia mpigaji mpira) Charles Radbourn alirusha zote tatu. Mwaka 1886 St. Louis na Chicago walikubaliana mshindi achukue mapato yote ya mlangoni. St. Louis wakashinda, Chicago wakaenda nyumbani mikono mitupu. Mwaka uliofuata Detroit na St. Louis walizunguka mji baada ya mji kwa mechi 15, na ingawa Detroit walikuwa wameshajihakikishia ubingwa njiani, safari iliendelea mpaka mwisho kwa sababu tiketi zilikuwa bado zinauzwa. Unaona mambo yalivyokuwa. American Association ilikufa baada ya msimu wa 1891, na desturi hiyo ikafa nayo.

Kisha akaja Ban Johnson. Alichukua ligi ndogo ya magharibi ya kati, akaipa jina la American League, na mwaka 1901 akatangaza kwamba nayo ni ligi kubwa. Aliwanyakua wachezaji wa National League kwa kuwapandishia mishahara, na matajiri wa upande wa pili wakaumia mpaka wakakubali kukaa mezani. Mapatano yalifikiwa Januari 1903. Kila ligi ikaheshimu mikataba ya mwenzake, lakini suala la mabingwa wao kukutana halikuwekwa humo.

Aliyelileta ni Barney Dreyfuss, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyemiliki Pittsburgh Pirates. Timu yake ilikuwa inaelekea ubingwa wa tatu mfululizo wa National League, naye akamfuata Henry Killilea, mwanasheria wa Milwaukee aliyekuwa na Boston Americans, wakapatana mechi tisa: atakayetangulia kushinda tano ndiye bingwa. Nusura mpango uvunjike kabla ya kuanza. Mikataba ya wachezaji wa Boston ilikuwa inaisha mwisho wa Septemba, na hawakuwa tayari kucheza Oktoba bila kuelewana kwanza kuhusu fungu lao. Killilea akalazimika kukaa nao. Kwa hiyo hata fainali ya kwanza kabisa ilitanguliwa na mvutano wa malipo.

Ilianza 1 Oktoba 1903 kwenye uwanja wa Huntington Avenue, Boston, mbele ya watu zaidi ya 16,000. Katika mfululizo ule majukwaa hayakutosha, watu wakaruhusiwa kuingia hadi ndani ya uwanja, nyuma ya kamba, na timu zikakubaliana kuwa mpira ukiangukia kwenye umati mpigaji anapewa moja kwa moja vituo vitatu kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka ili apate mkimbio, yaani bao. Ndiyo maana ukisoma takwimu za mwaka ule utashangaa wingi wa mapigo ya vituo vitatu. Pittsburgh walifunga mikimbio minne katika awamu ya kwanza tu kati ya tisa dhidi ya Cy Young, mrushaji mashuhuri kuliko wote wa zama zile, wakashinda 7 kwa 3. Lakini walikuwa na upungufu mbaya. Mrushaji wao mmoja, Sam Leever, alikuwa na bega bovu, na mwingine, Ed Doheny, alipatwa na maradhi ya akili msimu ukielekea ukingoni. Ikabidi Deacon Phillippe arushe mechi tano nzima kati ya nane. Mkono wa binadamu una kikomo. Mashabiki wa Boston nao walisafiri mpaka Pittsburgh wakiimba wimbo mmoja bila kukoma, maneno wameyageuza kumkejeli Honus Wagner, mpigaji hatari wa Pirates, ambaye kweli alififia. Tarehe 13 Oktoba Bill Dinneen aliwazuia Pittsburgh wasipate hata mkimbio mmoja, 3 kwa 0, na Boston wakawa mabingwa kwa mechi tano kwa tatu.

Sasa tazama fedha. Dreyfuss alilitia fungu lake mwenyewe kwenye chungu cha wachezaji, kila mmoja wao akapata takriban dola 1,316. Wachezaji wa Boston, mabingwa, walipata takriban dola 1,182. Walioshindwa wakalipwa kuliko walioshinda! Mimi humheshimu Dreyfuss kwa jambo hilo kuliko kwa mataji yake.

Tumefika 1904. Bingwa wa National League alikuwa New York Giants, timu ya John T. Brush, chini ya meneja John McGraw. McGraw alikuwa amewahi kufundisha Baltimore kwenye American League, akagombana vikali na Ban Johnson juu ya nidhamu, akaondoka 1902 kwenda Giants. Brush naye alikuwa na chuki yake: Johnson alikuwa ameweka timu mpya New York, Highlanders, ambao baadaye walikuja kuitwa Yankees, yaani amemletea mshindani kwenye soko lake. Kiangazi cha 1904 Highlanders walikuwa wanawania ubingwa wa American League, na Brush akatangaza mapema kwamba timu yake haitacheza na bingwa wa ligi aliyoiona ndogo. Msimu uliamuliwa 10 Oktoba, pale Jack Chesbro wa Highlanders, aliyekuwa ameshinda mechi 41 mwaka ule, aliporusha mpira uliompita mdakaji wake katika awamu ya tisa na kuwapa Boston mkimbio wa ushindi. Hivyo bingwa akawa Boston tena, si Highlanders. Giants wakashikilia msimamo wao vilevile. Hapakuwa na kanuni ya kumlazimisha Brush, kwa kuwa fainali ya mwaka uliotangulia ilikuwa hiari ya watu wawili, na hiari huwezi kumdai mtu wa tatu.

Lawama zilimwangukia Brush kutoka kila upande, magazetini na mitaani, na ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyeandika kanuni za kudumu zilizoanza 1905. Mechi zikawa saba, anayetangulia kushinda nne ni bingwa, na kushiriki kukawa lazima. Kuna kifungu kimoja humo kinachonivutia kila nikikisoma: wachezaji wagawane mapato ya mechi nne za kwanza tu. Maana yake ni kwamba mchezaji hapati senti zaidi mfululizo ukirefuka hadi mechi ya tano, ya sita au ya saba, kwa hiyo hana sababu ya kupoteza makusudi ili waendelee kuuza tiketi. Kanuni hiyo ipo mpaka leo. Fungu la wachezaji kutoka World Series bado ni asilimia 60 ya mapato ya mlangoni ya mechi nne za kwanza, hata kama zitachezwa saba. Mwaka huo wa 1905 Giants walicheza na Philadelphia Athletics na kushinda nne kwa moja, Christy Mathewson akirusha mechi tatu ndani ya siku sita bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Sijui mrushaji mwingine aliyewahi kuitawala fainali kiasi hicho.

Swali lako la vita linatupeleka 1918. Serikali ilikuwa imetoa amri kwamba kila mwanaume mwenye nguvu ama aende jeshini ama afanye kazi yenye manufaa kwa vita, na besiboli haikuhesabiwa kuwa kazi ya namna hiyo. Msimu ukakatwa, na fainali ikaruhusiwa kuchezwa Septemba, Boston Red Sox dhidi ya Chicago Cubs. Serikali haikuizuia. Waliokaribia kuizuia ni wachezaji. Mwaka ule matajiri walikuwa wameamua kwamba chungu cha wachezaji kigawiwe pia timu zilizomaliza nafasi ya pili hadi ya nne, wakati watazamaji ni wachache na tiketi zimeshushwa bei. Kabla ya mechi ya tano, uwanja wa Fenway ukiwa umeshajaa, timu zote mbili zilikataa kutoka vyumbani. Harry Hooper wa Boston na Leslie Mann wa Chicago ndio waliosema kwa niaba ya wenzao. Saa nzima ilipita. Jukwaani walikuwemo askari waliojeruhiwa vitani, na hilo ndilo lililowavunja nguvu wachezaji: nani angewasikiliza wakilalamikia dola mbele ya watu hao? Meya wa zamani wa mji, John Fitzgerald, babu wa Rais Kennedy, akautangazia umati kwamba mechi itachezwa. Boston wakawa mabingwa, kila mchezaji akapata takriban dola 1,100, na walioshindwa hawakufika 700. Kisha, kama adhabu, wenye mamlaka wakawanyima nishani za ubingwa. Zilikuja kutolewa 1993, wakati huo wachezaji wote wameshafariki, zikapokewa na ndugu zao.

Ukishaielewa 1918, ile ya 1919 haitakushangaza sana. Hii ndiyo fainali iliyouzwa. Chicago White Sox walikuwa bora kuliko Cincinnati Reds, kila mtu alijua hivyo, lakini dau la wacheza kamari lilianza kuelemea Cincinnati siku chache kabla ya mechi. Katika awamu ya kwanza ya mechi ya kwanza, mrushaji Eddie Cicotte alimpiga mpira wa mgongoni mpigaji wa kwanza wa Cincinnati, Morrie Rath. Ilikuwa ishara kwa waliotoa hongo kwamba mpango umeiva. Cicotte mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuta dola 10,000 chini ya mto wake hotelini. Lefty Williams alipoteza mechi tatu. Dickey Kerr, mrushaji kijana ambaye hakuwemo kwenye njama, alishinda mechi zake zote mbili huku baadhi ya wenzake nyuma yake wanataka ashindwe, na kila nikifika hapo namwonea huruma. Cincinnati walitwaa ubingwa tano kwa tatu, kwa sababu kuanzia mwaka ule hadi 1921 walirudia mfumo wa mechi tisa.

Siri ilifumuka Septemba 1920 mbele ya baraza la wazee wa mahakama Chicago. Matajiri walitaharuki, wakamleta jaji wa shirikisho, Kenesaw Mountain Landis, awe kamishna wa besiboli yote mwenye kauli ya mwisho. Tarehe 2 Agosti 1921 wachezaji walioshtakiwa walionekana hawana hatia mahakamani. Kesho yake Landis aliwapiga marufuku ya maisha kucheza besiboli wachezaji wote wanane waliotajwa kwenye njama. Miongoni mwao alikuwa Buck Weaver, aliyejua njama bila kuchukua hata senti, na Joe Jackson, aliyepokea dola 5,000 lakini akapiga kwa wastani wa .375 katika fainali ileile, yaani zaidi ya theluthi ya majaribio yake yalifaulu. Mei 2025 ligi iliamua kwamba marufuku ya maisha inakoma mtu akifariki, na majina yao yakaondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa.

Utasikia wakisema waliuza mechi kwa sababu tajiri wao, Charles Comiskey, alikuwa bahili. Usiimeze hiyo nzima. Kumbukumbu za mishahara zilizopatikana baadaye zinaonyesha White Sox walikuwa miongoni mwa timu zilizolipa vizuri wakati ule. Kilichokuwa kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kifungu cha mikataba, chenye mizizi katika makubaliano ya matajiri ya 1879, kilichompa tajiri haki ya kumshikilia mchezaji mwaka baada ya mwaka hata mkataba ukiisha. Ukikataa mshahara wa tajiri wako, huna timu nyingine ya kwenda. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba besiboli haiguswi na sheria za kuzuia ukiritimba, na kifungu kile kikapata kinga.

Wenye timu ndio walioamua pia nani hastahili kabisa kukanyaga uwanja huo. Kwa zaidi ya miaka 40 ya mwanzo hakuna mchezaji mweusi aliyecheza World Series, na hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Ilikuwa makubaliano ya kimyakimya ya matajiri. Weusi walikuwa na ligi zao na fainali yao wenyewe, ya kwanza baina ya ligi zao mbili ikichezwa 1924, Kansas City Monarchs wakiwashinda Hilldale. Mtu anapokwambia kwamba bingwa wa 1942 alikuwa timu bora kuliko zote Marekani, kumbuka Satchel Paige alikuwa anarusha mwaka huohuo kwa Monarchs, wakawafagia Homestead Grays wa Josh Gibson. Jackie Robinson aliingia Brooklyn Dodgers 1947 na akacheza fainali mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Larry Doby wa Cleveland akawa mweusi wa kwanza kuutoa mpira nje ya uwanja katika World Series. Robinson alialikwa kwenye fainali ya 1972 kule Cincinnati, akiwa mgonjwa na macho yamefifia, akatumia kipaza sauti kusema kwamba angependa kumwona meneja mweusi kwenye benchi. Siku tisa baadaye akafariki. Meneja mweusi wa kwanza kutwaa taji hilo alikuwa Cito Gaston mwaka 1992, na timu yake, Toronto Blue Jays, ilikuwa pia ya kwanza kulitoa nje ya Marekani.

Enzi ya Yankees nitaipita haraka, maana wenzako kazini watakuchosha nayo wenyewe. Mataji 27, la kwanza 1923 baada ya kumnunua Babe Ruth kutoka Boston, matano mfululizo kati ya 1949 na 1953, na Don Larsen mwaka 1956 akirusha mechi nzima bila kuruhusu mpinzani hata mmoja kufika kituoni, kitu ambacho hakijawahi kurudiwa katika fainali.

Kile kifungu cha kumshikilia mchezaji kilianza kutikisika mchezaji Curt Flood alipokataa kuuzwa kama mali. Alifika Mahakama Kuu, akashindwa 1972, na kazi yake ya uchezaji ilikuwa imeshaisha mwaka uliotangulia. Lakini chama cha wachezaji chini ya Marvin Miller kilikuwa kimeshapata nguvu, na Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally wako huru kwenda wanakotaka. Mishahara ikapaa. Tangu hapo hadi 1994, kila mkataba kati ya chama na matajiri ulipokwisha, palitokea mgomo au matajiri kuwafungia wachezaji milango.

Hapo ndipo 1994 inapoingia. Matajiri walitaka ukomo wa jumla ya mishahara ambayo timu inaweza kulipa. Wachezaji waliona hiyo ni njia ya kuwarudisha walikotoka, na 12 Agosti wakagoma. Waligoma wakati huo kwa hesabu: mishahara mingi ya msimu wameshaipokea, na fedha za televisheni za Oktoba, ambazo matajiri wanazitegemea, bado hazijaingia. Waliamini wenye timu hawatathubutu kuipoteza fainali. Wakathubutu. Tarehe 14 Septemba Bud Selig, mmiliki wa Milwaukee aliyekuwa akikaimu ukamishna, alitangaza kuwa msimu umekwisha na hakuna World Series. Angalia cheo hicho vizuri: aliyefuta fainali alikuwa mwenye timu.

Waliolipa gharama kubwa kuliko wote ni Montreal Expos. Mgomo ulipoanza walikuwa na rekodi bora kuliko timu yoyote, ushindi 74 kwa kushindwa 40, na kijana Pedro Martínez akiwa miongoni mwa warushaji wao. Mgomo ulikoma Aprili 1995, baada ya jaji wa New York, Sonia Sotomayor, ambaye sasa yuko Mahakama Kuu, kuwazuia matajiri wasibadilishe masharti ya kazi wapendavyo. Ndani ya siku chache Expos wakawaachia John Wetteland, Ken Hill na Marquis Grissom ili kubana matumizi. Ikiwa Montreal, timu ile haikuwahi kucheza World Series. Ilihamishiwa Washington kwa msimu wa 2005, na ilipotwaa taji 2019 Montreal haikuwa na timu tena.

Lile tetemeko la San Francisco lilikuwa 17 Oktoba 1989, saa 11 na dakika 4 jioni, watu wakiwa wameketi uwanjani Candlestick kusubiri mechi ya tatu ya Giants na Oakland. Watu 63 walifariki katika eneo lile. Baada ya siku kumi mfululizo uliendelea, Oakland wakashinda. Na mwaka wa korona, 2020, karibu mechi zote za msimu zilichezwa bila watazamaji, lakini fainali ilikusanywa kwenye uwanja mmoja huko Arlington, Texas, na watazamaji wachache wakaruhusiwa. Katika yote mawili, kuhusu fainali yenyewe, wachezaji na matajiri walikuwa upande mmoja.

Mzee wako akikuuliza kama inaweza kukosekana tena, mjibu hivi. Mkataba wa sasa kati ya ligi na chama cha wachezaji ulifikiwa Machi 2022, baada ya wachezaji kufungiwa milango kwa siku 99, na unaisha 1 Desemba 2026. Kati ya ligi nne kubwa za michezo Marekani, besiboli ndiyo pekee isiyo na ukomo wa mishahara, kitu kilekile walichogombania 1994. Tarehe hiyo ya Desemba ndiyo ya kuangalia.